Siti binti Saad: kutoka kaniki ya shamba hadi buibui la heshima

Siti binti Saad alipohamia mjini Unguja mwaka 1911 alikuwa na umri wa miaka 31 hivi. Hakuwa na elimu ya chuo wala ya shule, hakuwa na mali, wala hakuwa na ukoo wa kujivunia mbele ya mabwana wa mji. Alipopanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake katika santuri, alikuwa anakaribia miaka 50. Katika umri ambao wanawake wengi wa zama zake walikuwa wakijiita watu wazima na kuwaachia mabinti zao uwanja, yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kujulikana Afrika Mashariki nzima.

Maisha yake husimuliwa kwa sababu ya sauti, na ni haki yasimuliwe hivyo. Lakini ndani ya masimulizi hayo kuna uzi mwingine unaopita tangu utoto hadi kaburini, nao ni uzi wa mavazi. Nguo ndiyo iliyomdhalilisha alipokuwa kijana, nguo ndiyo waliyoitumia mahasidi wake kumkejeli alipopata jina, na nguo ndiyo iliyomwezesha, akiwa mwanamke wa makamo, kusimama mbele ya wanaume wengi na kuimba pasipo kuvunjiwa heshima yake.

Mtoto wa mfinyanzi

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Walikuwa watu maskini, wakiishi kwa jembe na kwa ufinyanzi. Jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa, jina lililobeba zama zenyewe, kwa kuwa utumwa ulikuwa bado ni halali katika Usultani wa Zanzibar.

Binti huyo alijifunza kazi ya mama yake ya kufinyanga vyungu. Vyungu vilipokauka na kuchomwa alivibeba kichwani na kutembea navyo mwendo mrefu kwenda kuviuza. Masimulizi ya Zanzibar yanaeleza kuwa alikuwa akinadi bidhaa yake kwa kuimba, na kwamba sauti yake ilitangulia kufika kabla ya yeye mwenyewe kuonekana, hata wanunuzi wakamtambua kutoka mbali. Hivyo ndivyo koo lake lilivyofunzwa, kwa haja ya riziki, kabla hajaujua udi wala ganuni.

Nguo iliyomtangaza mtu

Ili kuielewa safari yake, ni lazima kuielewa lugha ya nguo katika Unguja ya wakati huo. Nguo ilimtangaza mtu kabla hajafungua kinywa. Mabibi wa Kiarabu wa tabaka la juu walivaa kanzu na suruali zilizotiwa nakshi, na baadhi yao wakafunika nyuso kwa barakoa. Watumwa na maskini walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho jina lake linakumbusha kuwa kililetwa kwanza kutoka Marekani, au walivaa kaniki, kitambaa kizito cha rangi ya samawati iliyokolea mpaka kukaribia weusi. Kaniki ilivumilia kazi ya shamba na haikuonyesha uchafu upesi. Kwa sababu hiyo hiyo ikawa alama ya mtu wa chini. Kufunika kichwa kwa staha ya kiungwana hakukuwa haki ya kila mwanamke, kwa maana mtumwa hakutarajiwa kujifananisha na bibi yake.

Mwaka 1897 amri ya Sultani, chini ya shinikizo la Uingereza, iliifuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Katika miaka hiyo ya mpito, wanawake waliokuwa watumwa, pamoja na mabinti zao, walianza kuukimbia unyonge wa kaniki. Waliikimbilia kanga.

Kanga ilikuwa bado ni kitu kipya. Ilizaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, pale wanawake walipoanza kuunganisha leso za rangi kuwa nguo moja pana. Wafanyabiashara waliposikia matakwa yao, wakaagiza vitambaa vilivyochapwa ughaibuni kwa mitindo iliyopendwa na wanawake wenyewe. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa herufi za Kirumi. Jozi moja ilitosha: moja ya kujifunga, nyingine ya kujitanda. Kwa mwanamke ambaye mama yake alizuiwa kujistiri kichwa, kujitanda kanga halikuwa jambo la urembo tu. Lilikuwa tangazo kwamba yeye sasa ni mtu kamili, mwenye hiari juu ya mwili wake.

Katika mji wa namna hiyo ndimo binti mfinyanzi wa Fumba alipoingia mwaka 1911.

Walimu, wenzi na jina jipya

Mjini alikutana na Ali Muhsin, mpigaji muziki wa kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905 na ambacho ni miongoni mwa vikundi vikongwe vya taarabu. Taarabu ya wakati huo ilikuwa muziki wa waungwana. Ilitoka Misri kwa juhudi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ikaimbwa kwa Kiarabu katika kasri, na vikundi vyake vilikuwa vya wanaume. Ali Muhsin aliisikia sauti ya mwanamke huyu na akakubali kumfundisha kuimba na kupiga ala.

Baada ya hapo alipata wenzi waliokuwa kama ndugu: Subeit Ambar na udi wake, Maalim Shaaban, Buda bin Mwendo na Mbaruk Talsam, mwanamuziki asiyeona aliyesifiwa kwa ustadi wake. Pamoja nao aliyafanya mambo mawili ambayo hayakuwa yamezoeleka. Kwanza, mwanamke alikuwa ndiye kinara wa taarabu. Pili, taarabu iliimbwa kwa Kiswahili, lugha ya watu wa Ng'ambo, ule upande wa mji uliokaliwa na maskini, wavuvi, wachukuzi na waliokuwa watumwa.

Ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa. Aliitwa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya bibi mwenye heshima. Kubadilika kwa jina kulikwenda sambamba na kubadilika kwa nguo. Mtu hawezi kuitwa bibi na kuendelea kuonekana katika kaniki ya mchomaji vyungu.

Kujistiri mbele ya hadhara

Hata hivyo, heshima ya jina na heshima ya kazi zilikuwa zikivutana. Mwanamke aliyeimba usiku mbele ya wanaume, kwa ujira, alikuwa hatarini kuhesabiwa miongoni mwa wasio na staha. Kwa Siti hatari hiyo ilikuwa maradufu, kwani hakuwa na ukoo wa kumkinga wala ujana wa kumsamehesha. Kijana huambiwa kuwa ni utoto na kwamba utapita. Mwanamke wa miaka 40 haambiwi hivyo.

Jibu lake lilikuwa kujistiri. Masimulizi yanamweleza akitumbuiza katika vazi la kiungwana la Kiislamu, amejitanda na kujifunika, hadi wengine wakakumbuka zaidi sauti iliyotoka ndani ya mtandio kuliko uso wa mwimbaji. Buibui, vazi jeusi la kujifunika mwili mzima lililoenea Unguja katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, lilikuwa limepata maana ya pekee kwa wanawake wa tabaka lake. Tofauti na barakoa ya mabibi wa kasri, buibui lilivaliwa na wanawake wa kila asili. Chini ya weusi wake, binti wa mtumwa na binti wa bwana walikuwa wakifanana njiani.

Wako wanaosema kuwa alijifunika kwa sababu watu walimsema kwamba hakujaliwa sura nzuri. Huenda jambo hilo lilikuwa na uzito wake, maana kejeli kuhusu sura yake zilikuwapo. Lakini sababu hiyo peke yake haitoshi. Vazi lake lilimfanyia kazi kubwa zaidi. Liliwaondolea wasikilizaji swali la uzuri na la ujana, likawaachia swali moja tu: je, anaimba nini na anaimba vipi? Katika swali hilo hakuwa na mpinzani.

Akiwa ndani ya stara hiyo alialikwa katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, na pia katika kasri ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia mwaka 1911 hadi 1960. Akiwa ndani ya stara hiyo hiyo aliimba mambo ambayo wengine waliogopa kuyanong'ona. Wimbo wake wa Kijiti ulieleza habari ya mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyeuawa, na jinsi sheria ilivyowaelemea wanawake waliokuwa naye ilhali muuaji alitorokea bara. Aliimba juu ya dhuluma ya mahakama, juu ya maskini wanaoonewa na wenye vyeo, juu ya mapenzi na usaliti. Nguo ilikuwa ya utulivu, lakini maneno hayakuwa hivyo.

Kejeli ya kaniki

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimpeleka Siti na wenzake Bombay kurekodi. Zilikuwa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za nyimbo za Kiswahili. Mafanikio yake yaliwashangaza wafanyabiashara wenyewe. Kufikia mwaka 1931 zaidi ya sahani 72,000 zilikuwa zimeuzwa, na sauti ya mwanamke asiyejua kusoma ikasikika katika mikahawa na barazani, katika pwani yote na mbali katika bara.

Jina hilo lilizaa husuda. Washindani wake walitunga wimbo wa kumchoma, na silaha waliyoichagua ilikuwa nguo. Walimkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa amevaa kaniki, wakauliza tangu lini amekuwa mtu wa kuhesabika, na wakadai kwamba bila sauti hiyo asingekuwa na cha kutia mdomoni. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kutaja kaniki kulikuwa kutaja utumwa, umaskini na ushamba kwa neno moja. Wote walijua kwamba mwanamke huyo, sasa mtu mzima anayejitanda kwa adabu, alikuwa akivuliwa nguo zake za leo hadharani na kuvishwa za jana.

Siti hakuwajibu kwa matusi, wala hakukana alikotoka. Alitunga wimbo wake uliosema, kwa ufupi, kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja, na kwamba hasara ya kweli ya mwanadamu ni kukosa akili. Wimbo wa mahasidi ungali unakumbukwa hadi leo, lakini unakumbukwa kama sehemu ya historia yake yeye.

Umri na nguo

Kisa hicho kinagusa jambo ambalo kila mwanamke anayeingia utu uzima hulikuta mlangoni. Akivaa rangi kali na mshono wa kubana huambiwa kwamba anajitia usichana. Akivaa nguo za kufifia huambiwa kwamba amejizika angali hai. Jamii humtaka avae kama mtu wa umri wake, lakini mara chache humweleza umri wake una maana gani.

Katika miji ya Waswahili, umri wa mwanamke ulikuwa na daraja zake katika nguo. Mwari aliyetoka unyagoni alivishwa kanga. Bibi harusi alipewa kisutu, kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mjane alikaa eda katika nguo zisizo na mapambo. Bibi mzee aliheshimiwa kwa jozi iliyotanda vizuri, maneno ya kanga yake yakiwa ya busara na si ya mapigo. Hata mafundisho ya dini yalizingatia tofauti hiyo. Aya ya 60 ya Sura ya An-Nur inawaruhusu wanawake wakongwe wasiotarajia tena ndoa kupunguza mavazi yao ya nje, maadamu hawakusudii kuonyesha mapambo, na inaeleza kuwa kujiheshimu kwao ni bora zaidi. Uamuzi umewekwa mikononi mwa mwanamke mwenyewe, pamoja na uzito wake.

Siti aliuchukua uzito huo kwa namna yake. Hakujifanya kijana, wala hakuukubali uzee kuwa sababu ya kunyamaza. Vazi lake la utu uzima halikuwa mlango wa kutokea ukumbini. Lilikuwa mlango wa kuingilia.

Si kila aliyemfuata alichagua hivyo. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude na kufariki dunia mwaka 2013, alijifunza nyimbo nyingi kwa kumsikiliza Siti. Yeye aliimba uso wazi, miguu peku, kanga kiunoni na sigara mkononi, hata katika uzee mkubwa. Mwanafunzi na mwalimu walitofautiana kabisa katika nguo. Waliafikiana katika jambo moja, kwamba hakuna kati yao aliyeruhusu mtu mwingine amchagulie.

Kutoka Unguja hadi Arua na Koboko

Swali hilo halikuishia pwani. Katika West Nile, kuanzia soko la Arua hadi Koboko na Lurujo, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, wanawake wa makamo wanakutana nalo kila wanapofungua sanduku la nguo. Wanawake wa Kinubi wana gurbaba yao ya kujifunga, iliyo alama ya bibi mwenye familia na mji wake. Vitenge huvuka mpaka kutoka soko la Ariwara nchini Kongo. Kwenye harusi na hafla za serikali huonekana gomesi, vazi la mabega yaliyosimama na mshipi mpana, ambalo linahusishwa na fundi Mgoa aitwaye Gomes na shule ya wasichana ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20. Nalo pia lilianza kama sare ya wasichana wa shule kabla ya kuwa vazi la akina mama watu wazima. Maana ya nguo hubadilika kadiri waliovaa wanavyozidi kukua.

Uganda iliwahi pia kuonja hali ambapo chaguo hilo linanyakuliwa na dola. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Koboko, ilipiga marufuku nguo fupi za wanawake, na baadaye ikapiga marufuku wigi na suruali. Wanawake walikamatwa na kufedheheshwa njiani kwa jina la kulinda staha. Tofauti na stara ya Siti ni kubwa. Yeye alijifunika ili asikike. Wale waliamriwa wajifunike ili watii. Nguo ndefu inaweza kuwa heshima au kifungo, kutegemea ni nani aliyeipima.

Siku za mwisho

Katika miaka yake ya mwisho Siti alikutana na mshairi na mwandishi Shaaban Robert, ambaye aliyasikiliza maisha yake kutoka kinywani mwake mwenyewe. Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapishwa mwaka 1958, na umekuwa miongoni mwa vitabu vinavyoheshimiwa zaidi katika fasihi ya Kiswahili. Ni jambo la nadra kwamba mwandishi mkubwa wa lugha hii alimchagua mwanamke asiyejua kusoma awe kielelezo kwa wasomaji.

Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti. Jina hilo linatosha kueleza kile kilichobaki. Kaniki ya Fumba imeoza, na buibui lake pia limeoza. Mahasidi waliodhani kwamba mtu ni nguo aliyotoka nayo shamba hawakumbukwi majina yao. Binti aliyeitwa Mtumwa, aliyezeeka akiwa Siti, angali anasikika.